Ala Isimuliayo: Hadithi, Inanga na Ngoma katika Nyanda za Juu za Buha

Utangulizi

Mwezi wa Desemba 2021 kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, katika Mkoa wa Kigoma, ilifungwa, na wakazi wake waliosalia wakahamishiwa kambi ya Nduta. Haikuwa mara ya kwanza kwa Mtendeli kufungwa. Kambi hiyo iliwapokea Warundi katika miaka ya 1990, katika kipindi kilichofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Baadaye ikafungwa, kisha ikafunguliwa upya Januari 2016 kwa sababu ya machafuko yaliyoanza Burundi mwezi wa Aprili 2015, na wakazi wake wakafikia takriban 50,000. Historia ya kambi kwa kawaida huandikwa kwa hesabu za namna hii: watu wangapi waliingia, wangapi walirudi, maji yalipatikana kiasi gani. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali la aina nyingine. Watu wanapokimbia na kuacha nyumba, mashamba na ng'ombe, hadithi zao husafiri kwa chombo gani?

Wengi watajibu kwamba hadithi husafiri kinywani mwa msimulizi. Jibu hilo ni la kweli, lakini si kamili. Katika nyanda za juu za Buha na Burundi sehemu kubwa ya masimulizi ya kale haikukabidhiwa kinywa peke yake. Ilikabidhiwa pia nyuzi za inanga na ngozi ya ngoma. Hoja yetu ni kwamba katika nchi hizi ala haikuwekwa kando ya hadithi ili kuipamba, bali iliwekwa ndani yake ili iisimulie. Ikiwa ndivyo, basi Kanisa linapobadilisha ala na tuni bila kuisikiliza lugha ya watu, hubadilisha pia, pengine bila kujua, habari inayosimuliwa. Hilo ni jambo linalowahusu wote wanaoandaliwa kulihubiri Neno.

Tunatambua kwamba neno okestra humfanya msomaji afikirie fidla, tarumbeta na mwongozaji mwenye kijiti mkononi. Sisi tutalitumia kwa kundi lolote la ala zilizogawiwa kazi mbalimbali na kutii mpango mmoja. Kwa maana hiyo ngoma za kifalme za Burundi ni okestra kamili, na hakuna sababu ya kuziita kwa jina dogo zaidi.

Hadithi iliyotangulia mpaka

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa chini ya mfalme mmoja. Ilikuwa na falme kadhaa, miongoni mwake Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa kaskazini, ambako leo ni Wilaya ya Kakonko. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu zinazokaribiana sana, na mtu wa Kibondo hahitaji mkalimani mrefu ili kuzungumza na jirani yake wa ng'ambo. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ni ngoma inayopigwa, na pia ni ufalme wenyewe. Kwa hiyo kusema kwamba mtu fulani alitwaa ngoma ni kusema kwamba alitawala.

Masimulizi ya Warundi juu ya chanzo cha ufalme wao yako ya aina mbili. Aina ya kwanza humleta mfalme wa mwanzo, Ntare Rushatsi, kutoka upande wa Rwanda. Aina ya pili, inayohusishwa na mlima Nkoma kusini-mashariki mwa Burundi, husema kwamba alitoka Buha. Humwita pia Cambarantama, yaani avaaye ngozi ya kondoo. Mwanahistoria Jan Vansina aliyachambua masimulizi haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, akaonyesha jinsi yanavyotofautiana kati ya sehemu moja ya nchi na nyingine. Hapa hatuna haja ya kuamua ni lipi lililo sahihi. Inatutosha kutambua kwamba Mrundi aliyevuka mpaka na kufika Mtendeli alikuwa ameingia katika nchi ambayo mojawapo ya hadithi za kwao huitaja kuwa chimbuko la mfalme wake wa kwanza. Karatasi zake zilimwita mgeni. Hadithi yake ilimwita mtu aliyerudi kwa wajomba.

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Wabelgiji waliikalia Kigoma mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa mapatano ya mwaka 1919 Urundi ilibaki mikononi mwao, na Buha ikawekwa upande wa Waingereza, ambao walikabidhiwa Kigoma mwaka 1921. Tangu hapo watu waliokuwa wakisimulia ngano zilezile walihesabiwa katika daftari mbili. Upande wa Tanganyika wafalme waliendelea kama machifu wa serikali. Miongoni mwao alikuwapo mwanamke, Mwami Theresa Ntare wa Heru, aliyeongoza Kasulu katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Mamlaka ya machifu yaliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Burundi nayo ikawa jamhuri tarehe 28 Novemba 1966.

Katika nchi jirani ya Rwanda, msimulizi wa ngano anapoanza huwaambia wasikilizaji kwamba yalikuwako mambo ambayo yasiwepo tena, kwamba mbwa na panya walikufa, wakabaki ng'ombe na ngoma. Ni kianzio cha kawaida, kama paukwa na pakawa za Waswahili, na watoto hukisikia bila kukitafakari. Lakini kwa eneo hili lote maneno hayo yametimia kwa namna ya ajabu. Katika muda mfupi wa miaka ya 1960 wafalme waliondoka, na ngoma zikabaki. Swali likawa: ngoma iliyobaki bila mfalme itasimulia habari za nani?

Inanga, ala inayotamka

Kabla ya kuijibu ngoma ni vema tuisikilize ala iliyo kimya zaidi. Inanga ni kipande cha mti kilichochongwa kikawa kama sinia refu au hori dogo. Juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu, zamani wa mishipa ya ng'ombe, unaokwenda na kurudi kati ya ncha mbili mpaka kutokea nyuzi kadhaa, kwa kawaida kati ya sita na kumi na mbili. Ala ya jamii hii huonekana kuzunguka upande wa magharibi wa Maziwa Makuu: kwa Warundi, Wanyarwanda, Waha, Wahaya, Wanyankore na Washi wa Kongo ya mashariki. Huko Buhaya huitwa enanga, na ndiyo iliyobeba tenzi ndefu za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, ambazo Profesa M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1980. Wapiga enanga wa zamani walitumbuiza katika nyua za wafalme, wakiwasimulia waliokuwapo matendo ya waliotangulia.

Warundi wanao mtindo wao wa pekee. Mpigaji haimbi kwa sauti, bali hunong'ona. Michel Vuylsteke, aliyerekodi muziki wa Burundi mwaka 1967 kwa ajili ya mkusanyiko wa sahani za Ocora wa Ufaransa, aliuwezesha ulimwengu wa nje kuusikia mtindo huo. Mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba msimulizi ana mafua, au kwamba anaogopa kusikiwa na jirani. Sababu yenyewe iko ndani ya lugha.

Kirundi ni lugha yenye toni, na vivyo hivyo Kiha. Katika Kiswahili tunalo neno barabara, ambalo mkazo ukihama hugeuka kutoka njia kuu na kuwa sawasawa. Lakini mifano ya namna hiyo kwetu ni michache. Katika Kirundi kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno kama zilivyo konsonanti zake. Neno umuryango, kwa maandishi yaleyale, ni mlango na pia ni jamaa au ukoo. Sikio ndilo hutofautisha, si jicho. Sasa mnong'ono hauna toni. Nyuzi za koo hazitikisiki, kwa hiyo sauti haiwezi kupanda wala kushuka kama katika mazungumzo. Msimulizi anayenong'ona ametoa silabi bila toni zake, na kwa lugha kama hiyo ametoa nusu ya maneno. Nusu ya pili hutolewa na inanga. Vidole vyake vinapochagua uzi wa juu au wa chini, vinarudisha toni ambazo mnong'ono umeziacha.

Mtafiti wa muziki Cornelia Fales, aliyeuchunguza mtindo huu na kuandika juu yake mwaka 1998, alieleza jambo ambalo wasikilizaji wenyewe hulifahamu: mnong'ono na nyuzi huungana sikioni mpaka mtu akasikia kana kwamba mnong'ono wenyewe unaimba. Kinywa peke yake kingekuwa upepo, na nyuzi peke yake zingekuwa mlio tu. Ni katika sikio la msikilizaji anayeijua lugha ndipo vinapokuwa hadithi. Ndiyo maana tulisema kwamba ala hii haisindikizi. Ukiiondoa inanga umeondoa maneno.

Ulaya ilipotaka ala isimulie

Inafaa hapa tulinganishe na jitihada za Ulaya, kwa sababu wanafunzi wetu wengi hufundishwa muziki kwa vitabu vya huko na huenda wakadhani kwamba usimulizi wa okestra ulianzia huko. Katika karne ya 19 watungaji wengi wa Ulaya walitamani okestra isimulie ngano bila mwimbaji. Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov alitunga mwaka 1888 kazi iliyotokana na Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo pwani yetu inazifahamu vema, na ndani yake fidla moja hurudi mara kwa mara kuwa sauti ya msimulizi mwanamke. Sergei Prokofiev, mwaka 1936, aliwatungia watoto hadithi ya Petro na mbwamwitu, na kila mnyama akampa ala yake. Hata hivyo alimweka pia mtu wa kuisema hadithi kwa maneno.

Mfano wa Finland unatugusa zaidi, kwa kuwa ni nchi ya Kilutheri. Elias Lönnrot alikusanya nyimbo za kale za vijijini akazitoa mwaka 1835 kwa jina la Kalevala. Nyimbo hizo ziliimbwa, mara nyingine kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho kantele, na ndani ya hadithi zenyewe mzee Väinämöinen hutengeneza kantele ya kwanza kwa taya la samaki. Jean Sibelius alizichukua ngano hizo akazipa okestra, na katika kazi yake juu ya bata maji wa mto wa wafu, zumari moja ya sauti nzito huimba kwa niaba ya ndege huyo. Taifa dogo lililokuwa chini ya Urusi lilijitambua kwa kusikia hadithi zake katika okestra. Lakini ni lazima msikilizaji awe amesoma karatasi ya maelezo kabla ya kuketi. Asipoisoma, atasikia huzuni na maji, bali hatajua kwamba ni bata.

Aliyekaribia zaidi wapiga inanga ni Mcheki Antonín Dvořák. Mwaka 1896 alitunga kazi nne za okestra kutokana na tenzi za Karel Jaromír Erben, ambazo zilitokana na ngano za wakulima wa kwao. Katika sehemu kadhaa alichukua mistari ya Erben, akaipa tuni neno kwa neno kama kwamba itaimbwa, kisha akayaondoa maneno na kuziachia ala. Anayeijua lugha na kuzijua tenzi hizo aweza kuyasikia maneno yaliyoondolewa. Kwa hiyo Dvořák alifanya kwa kalamu, kwa hiari yake na kwa kazi chache, jambo ambalo wapiga inanga walilifanya kila jioni kwa sababu lugha yao iliwataka. Hatusemi hivyo ili kushindana na Ulaya. Tunasema hivyo ili mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo asiione ala ya babu yake kuwa hatua ya chini katika ngazi ambayo kilele chake kiko kwingine.

Okestra ya ngoma

Ngoma za kifalme za Burundi zina mpango ambao haujabadilika sana. Wapigaji huingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga na kuimba. Huzitua katika nusu duara. Katikati huwekwa ngoma iitwayo Inkiranya, ambayo huongoza. Zile ziitwazo Amashakwe hushika pigo moja lisilokatika, na zile ziitwazo Ibishikizo hufuata mwendo wa ngoma ya kati. Wapigaji hupokezana katikati, na kila anayeingia huigiza kwa mwili wake, hurusha fimbo, huruka na kutoa majigambo, kisha humpisha mwenzake. Mwenye kujua mkao wa usimulizi wa jioni ataitambua sura yake hapa: yuko mmoja anayesema, wako wanaoitikia, na wako wanaoshikilia ardhi ili hadithi isimame.

Ngoma hizi hazitamki silabi kama inanga. Usimulizi wao ni wa namna nyingine: majina, mahali na majigambo. Huko Gishora, karibu na Gitega, kuna kituo cha wapiga ngoma ambacho wenyewe husimulia kwamba kiliwekwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19 baada ya kumshinda mtemi mwasi aitwaye Ntibirangwa. Ngoma mbili za heshima za mahali hapo huitwa Ruciteme, yaani yule ambaye watu hufyeka msitu kwa ajili yake, na Murimirwa, yule ambaye watu hulima kwa ajili yake. Majina hayo mawili ni hadithi nzima ya utawala na kazi: mfalme, msitu, jembe na mavuno. Juu ya zote ilikuwapo Karyenda, ngoma ya ufalme wenyewe, iliyotokea katika sikukuu ya umuganuro, wakati wa kubariki mtama wa kupanda.

Ni lazima tuwe wakweli juu ya jambo hili, maana makala ya chuo cha theolojia haiwezi kulipita. Karyenda haikuwa chombo cha muziki tu. Ilipewa heshima ya kidini, na wamisionari walioiona walikuwa na sababu ya kujiuliza. Ngoma pia ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2014 Shirika la UNESCO liliiandika sanaa hii katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na mwezi wa Oktoba 2017 amri ya Rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo, na kutaka maonyesho yote yapate kibali cha serikali. Hapo ndipo jibu la swali letu la awali linapoonekana. Mfalme alipoondoka ngoma haikubaki bila mwenyewe. Kila mamlaka iliyofuata ilitaka isimulie habari zake.

Mtendeli

Katika hali hiyo tuirudie kambi. Wakimbizi wa Burundi wameunda vikundi vya ngoma karibu kila walikokwenda, kuanzia Kakuma nchini Kenya hadi miji ya Ulaya na Kanada. Kwa nini ngoma ilistahimili safari kuliko inanga? Sababu moja tunaipata katika tabia ya ala zenyewe. Ngoma ni ya watu wengi na hudai uwanja. Kambini watu ni wengi na uwanja haukosekani. Hupigwa siku wageni wanapokuja, na mgeni asiyejua neno moja la Kirundi huifurahia. Inanga hudai chumba chenye utulivu, watu wachache walioketi karibu, na masikio yanayoijua lugha hadi toni zake. Kambini ukuta wa mtu ni turubai, na jirani yuko umbali wa hatua chache. Mnong'ono haupati nafasi hapo.

Zaidi ya hayo, ala huhitaji mti. Ngoma ya Burundi huchongwa kwa gogo zima la mti mnene uitwao umuvugangoma, na inanga kwa ubao mpana wa kipande kimoja. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo alilotengewa, na kuni peke yake zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya kambi na vijiji. Mtu anayehesabu kuni za kupikia maharage hawezi kuhesabu miti ya kuchongea ala.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba hadithi ikihifadhiwa basi yote ni mema. Liisa Malkki, aliyeishi miongoni mwa Warundi wa makazi ya Mishamo mwaka 1985 na 1986, watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, aliona jinsi masimulizi ya uhamishoni yalivyogeuka kuwa historia yenye mpaka mkali kati ya wema na waovu. Hadithi zinaweza kufariji na zinaweza kunoa panga. Kanisa, ambalo kupitia Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi la Tanganyika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu, limewachimbia wakimbizi visima na kuwajengea shule, haliwezi kusema kwamba usimulizi wao ni jambo lisilolihusu.

Wajibu wa Kanisa

Martin Luther hakuwa mtu wa kudharau ngano. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg wakati ungamo la imani likisomwa Augsburg, alianza kuzitafsiri ngano za Esopo kwa Kijerumani, akizithamini kwa hekima yake ya maisha ya kila siku. Katika dibaji yake ya mwaka 1538 juu ya muziki aliuweka muziki karibu kabisa na Neno la Mungu. Wafuasi wake wakalifanyia kazi wazo hilo. Katika Mateso kwa Mathayo ya Johann Sebastian Bach, yaliyoimbwa Leipzig mwaka 1727, kila Kristo anapozungumza nyuzi za okestra humzunguka kama nuru. Ila anapolia msalabani kwamba ameachwa, nyuzi hunyamaza, naye husikika pasipo nuru hiyo. Hakuna mhubiri aliyewahi kuieleza aya hiyo kwa maneno machache kuliko hayo. Ala imesimulia kwa kunyamaza.

Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, aliyeaga dunia mwaka 1941, alifundisha kwamba mpiga tarumbeta wa Kanisa apige kama anayeimba, na kwamba maneno ya wimbo yawe moyoni mwake wakati pumzi yake iko katika shaba. Umisioni wa Bethel ulifanya kazi Usambara tangu 1891 na Bukoba tangu 1910, na matarumbeta ya Kilutheri yanasikika huko hadi leo. Fundisho la Kuhlo ni lilelile la mpiga inanga: ala itamke neno. Jambo la kusikitisha ni kwamba fundisho hilo lilipovuka bahari mara nyingi tuliipokea ala tukaliacha fundisho. Tuliyachukua maneno ya lugha zenye toni tukayavisha tuni za Ujerumani na Uingereza, ambazo hupanda mahali neno linaposhuka. Waumini wakajifunza kuziimba kwa bidii na kuzielewa kwa kukisia, kama mtu asomaye barua iliyolowa mvua. Kinanda cha umeme kimeongeza tatizo hilo, kwa kuwa tuni zake ziko tayari kabla lugha haijaulizwa.

Mfano mwema tunao nyumbani. Katika miaka ya 1960 huko Makumira, Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete tuni za kwao, na mwaka 1966 mwanafunzi Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba alitunga wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya Kihaya. Wimbo huo husimulia kaburi tupu na malaika kwa utaratibu wa msimulizi, nao umeingia katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi duniani. Haukuwa mgumu kwa wageni kwa sababu ulitoka kwetu. Ulipendwa kwa sababu tuni na habari vilitembea pamoja.

Tunapendekeza, basi, mambo matatu kwa vyuo vyetu. Kwanza, mwanafunzi anayepelekwa kuhudumu katika eneo la lugha yenye toni asome toni zake kabla ya kufundisha kwaya wimbo wowote. Pili, wazee wapiga inanga waliobaki Buha, na wale waliorudi Burundi, watafutwe na kurekodiwa kwa idhini yao, wakisimulia ngano nzima wala si vipande vya maonyesho. Tatu, ngoma ikiingia kanisani isiingie kimyakimya. Waumini waambiwe ilikuwa ya nani, iliabudiwaje, na ni nani alizuiwa kuigusa. Kisha waamue pamoja, wanaume kwa wanawake, itasimulia habari gani sasa. Ngoma iliyokuwa ya mfalme anayelimiwa na watu yaweza kumtangaza Mfalme aliyewatumikia watu, lakini si kwa kusahau ilikotoka.

Hitimisho

Katika Zaburi ya 137 watu wa uhamishoni huketi kando ya mito ya Babeli, wakatundika vinubi vyao juu ya miti, na waliowateka wakawataka nyimbo za nyumbani kwa ajili ya kujifurahisha. Wafasiri wa Biblia ya Kinyarwanda walipotafuta neno la kinubi cha Zaburi walichagua inanga. Kwa hiyo msomaji wa lugha hiyo akifika hapo haoni chombo cha kigeni, bali kile kilichowahi kusikika jioni nyumbani kwa babu yake, kikining'inia bila mtu wa kukipiga.

Mtendeli imefungwa, na waliokuwa wakazi wake wamekwenda Nduta au wamerudi makwao. Wengi wao hawakutundika inanga mahali popote, kwa kuwa hawakuwa nayo. Watoto waliozaliwa kambini waliisikia ngoma siku za sherehe, wakazijua kelele na miruko yake. Lakini wachache mno waliwahi kuketi karibu na mzee anayenong'ona, hadi wakasikia uzi ukilimalizia neno lake. Mtoto wa namna hiyo aweza kukizungumza Kirundi vizuri na bado asijue kwamba lugha yake iliwahi kupigwa kwa vidole. Kumjulisha ni kazi inayowezekana maadamu wako wazee waliobaki, na hatuoni kwa nini Kanisa lisiwe miongoni mwa watakaoifanya.